Sikuamini

Enzi hizo Eldoret ilikuwa bado haijaitwa jiji. Ilikuwa mji tu, mji wa matope, maziwa na wakimbiaji wa alfajiri, na wenyewe tuliupenda hivyo hivyo bila cheo. Siku hizi ukipita pale steji utakuta vibao vipya na watu wasiokujua. Lakini wakati huo, saa ya chakula cha mchana, ungemkuta Mchungaji Jacktone juu ya kreti la soda, kipaza sauti mkononi, akiwahubiria wenye njaa mpaka wasahau njaa yao. Makanga walipiga kelele, naye akapiga zaidi yao.

Nyuma yake, kwenye kinanda kilichofungwa miguu kwa mpira wa baiskeli, alikaa kijana mrefu aliyeitwa Kipkorir. Alivaa shati jeupe na tai nyembamba ya marehemu baba yake. Asubuhi na jioni aliuza dawa za mifugo dukani, na mchana aliucheza ule muziki kwa moyo wake wote, kwa kuwa aliamini kila neno lililokuwa likiimbwa.

"Wale wako tayari kuokoka leo," Mchungaji akanguruma, "wainue mikono juu!"

Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, msichana mmoja mwenye koti jekundu la mtumba lililomfikia magotini alikuwa amekumbatia boksi la miwani na amechelewa kurudi kazini. Akaona bodaboda tupu. Akainua mkono.

"Haleluya! Namwona dada wa koti nyekundu! Tumpigieni makofi!"

Watu wakapiga makofi. Msichana akageuka nyuma amwone huyo dada mwenye bahati. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Mimi? Aki mimi naita pikipiki!"

Nani angemsikia? Kinanda kilikuwa kimeshalipuka kwa furaha. Ila mwenye kinanda mwenyewe alikuwa ameiona ile pikipiki, na alicheka mpaka vidole vikapotea njia. Akamwachia mtu mwingine kiti, akaruka mtaro.

"Dada! Dada wa koti!"

Msichana alikuwa na mguu mmoja juu ya pikipiki. "Kama ni sadaka, sina."

"Si sadaka. Nimekuja kukurudishia roho yako. Tumeichukua kimakosa."

"Kwani mkishachukua huwa mnarudisha?"

"Hii ya leo tu. Tumegundua ni ya bodaboda."

Msichana akacheka, na kicheko chake kilikuwa na mwanya mdogo mbele. Kipkorir akausahau wimbo aliokuwa akiucheza.

"Na wewe uliniona, ukanyamaza?"

"Ningefanya nini? Vidole vyote vilikuwa kazini. Unaitwa nani?"

"Nasike. Niko duka la miwani la Ruwayda, hapo karibu na msikiti. Mwambie mchungaji wako aje tumpime macho."

Kesho yake Mchungaji hakwenda kupimwa macho. Alikwenda Kipkorir, tai imenyooshwa, akasema ametumwa kama mwakilishi. Ruwayda, mwenye duka, mwanamke wa Kisomali mwenye macho yasiyopitwa na kitu, akamtazama juu mpaka chini. Kisha akachukua mtandio wake, akasema swala imefika mapema leo, akawaachia duka.

Basi yakaanza. Nani asiyeyakumbuka mapenzi ya miaka ile? Yalikuwa mahindi ya kuchoma yenye limau na pilipili kando ya mto Sosiani, viatu vimejaa matope. Yalikuwa mvua ya mawe ikipiga mabati ya kibanda cha chai, na wawili mmekaa kikombe kwa kikombe mkiomba isikome. Nasike aliishi mtaa wa Pioneer, chumba kimoja chenye pazia la maua. Kipkorir alikuwa Kimumu kwa mama yake. Kila jioni simu ikaita.

"Boda wangu."

"Ati Boda! Bwana Kinanda, kuna siku nitakublock."

"Utaniblock na nani atakuchekesha? Umekula?"

"Nimekula. Ugali na managu. Na wewe?"

"Mimi sijala. Nakungoja unipikie."

"Ngoja basi. Watu huwa wanangoja mpaka wanazeeka."

Kwenye simu yake Kipkorir alikuwa amemwandika hivyo hivyo, Boda. Ukiiangalia ungedhani ni mwendesha pikipiki anayempigia kila saa.

Siku moja ya Jumamosi, pale mtoni, Nasike alimaliza mahindi yake, akatupa gunzi, akafuta mikono kwenye koti.

"Kip, kuna kitu nataka ukijue mapema. Mimi siamini."

"Huamini nini?"

"Mungu. Siamini kama yuko."

Kipkorir aliacha kutafuna. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na si ati sikujaribu." Alitazama maji yaliyokuwa na rangi ya chai. "Mama yangu aliitwa Selpha. Aliugua nikiwa form two. Watu wa kanisa wakaja, wakaomba, wakasema ameshapona. Alipokufa wakasema hiyo nyumba haikuwa na imani ya kutosha. Sasa mimi nikaangalia hiyo nyumba. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na yeye aliamini mpaka mwisho."

Kipkorir alitaka kusema Mungu ana mpango, kama alivyozoea kuwaambia watu, akaona aibu kulisema.

"Walikosea," akasema.

"Najua. Lakini siku hiyo kitu kilizima, hakikuwaka tena. Na usinionee huruma. Nalala vizuri, napenda watu, siibi miwani."

"Mimi naamini, Nasike. Si ya kujifanya. Nikikaa kwa kinanda kuna kitu nasikia."

"Sikia basi. Mimi nitakuwa nakusikia wewe."

"Sitakulazimisha. Siku hata moja."

Nasike akalala begani mwake. Tangu mama yake afe, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeambiwa jambo hilo asianze kubishana naye.

Ila Kimumu kulikuwa na Mama Priscah.

Huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kustaafu kulikuwa kwa karatasi tu. Alimsahihisha kondakta, alimsahihisha chifu, na Jumapili alimsahihisha Mchungaji Jacktone mlangoni mwa kanisa huku amemshika mkono. Mwanawe wa pekee ndiye aliyemshinda. Siku Nasike alipokwenda kwao kwa mara ya kwanza, gauni la bluu limepigwa pasi na nywele zimesukwa upya, alikuta somo likiendelea.

"Mama, ile ng'ombe zimekunywa maji?"

"Wale ng'ombe wamekunywa maji. Kipkorir, usinitie aibu mbele ya mgeni. Karibu, mama. Keti hapa."

Kuku aliletwa, ugali ukaletwa, maziwa ya mursik yakamiminwa kutoka kwenye kibuyu. Mama Priscah akavua miwani, akaunganisha viganja.

"Kwetu mgeni ndiye huombea chakula. Nasike, tuombee."

Kipkorir akafungua mdomo ili amwokoe. Nasike akamgusa goti chini ya meza.

"Mama, mimi sina ninayemwomba. Nikifumba macho hapa nitakuwa nawadanganya, na ni chakula chenu. Lakini naweza kushukuru."

"Utamshukuru nani?"

"Wewe uliyepika. Na wale ng'ombe."

Mama Priscah alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeandika jibu ambalo halimo kitabuni.

"Wale ng'ombe," akarudia polepole. "Angalau sarufi anayo."

Akaomba mwenyewe. Maombi yalikuwa marefu na jina la Nasike lilipita humo mara nyingi, mpaka ugali ukapoa. Lakini alimwekea paja la kuku, na wakati wa kuondoka akamsindikiza hadi langoni, akamshika mkono.

"Wewe ni msichana mzuri. Nimekupenda. Lakini nikiwa hai, mwanangu hataoa bila baraka yangu, na baraka yangu siwezi kuiweka kwenye nyumba isiyo na maombi. Nisamehe, mama. Sijui kuwa mtu mwingine."

Njiani Kipkorir alikuwa akipiga mawe teke kama mtoto.

"Atazoea."

"Asipozoea?"

"Nitakuoa hivyo hivyo. Vile ulivyo. Niamini."

"Nakuamini, Bwana Kinanda," Nasike akasema, na alimaanisha.

Miezi ikapita. Mama Priscah hakulegea, ila alianza kumtumia Nasike maziwa kwenye chupa, na Nasike alimtengenezea miwani mipya ya kusomea, fremu ya kahawia aliyoichagua mwenyewe. Walipendana wale wanawake wawili, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. Kisha mvua kubwa zilipoanza, madaktari wakaona uvimbe tumboni mwa Mama Priscah, wakasema utolewe haraka.

Asubuhi ya upasuaji Kipkorir alikuwa njiani kutoka Kitale alikopeleka dawa za ng'ombe, amekwama kwenye tope. Nasike alipita wodini na chupa ya chai kabla ya kufungua duka. Alimkuta mama amevalishwa lile gauni la hospitali lisilofunga nyuma, nywele zake za mvi ziko wazi bila kitambaa. Alionekana mdogo. Muuguzi alisema ratiba ya upasuaji imebadilishwa. Mama anaingia sasa hivi.

"Kipkorir yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mama. Barabara ni mbaya."

Mama Priscah akamshika kidole kimoja, akakishika kama mtoto. Mwalimu mzima, aliyewatia hofu madarasa, alikuwa anaogopa.

"Nasike. Niombee."

Nasike alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu mwingine. Akaweka chupa chini, akapiga magoti kwenye sakafu baridi, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. Maneno yalikuja yenyewe, yale ya mama yake Selpha, aliyoyasikia kila usiku utotoni: ee Baba, mlinde mtu wako, mshike mkono asianguke. Aliyasema yote mpaka amina, na machozi yalimtoka, nayo hayakuwa ya uongo.

Mama Priscah akaingia chumba cha upasuaji akitabasamu.

Alitoka salama. Na alipopata nguvu ya kuongea, aliongea! Alimwambia muuguzi, aliwaambia wagonjwa wa kushoto na kulia, alimwambia Mchungaji Jacktone aliyekuja kumtembelea: yule msichana asiyeamini alipiga magoti. Mungu ameutumia ugonjwa wangu kumleta nyumbani. Jumapili habari ikatangazwa kanisani.

Jumatatu, Nasike akiwa na mteja mbele yake, simu ikalia. Ujumbe wa Kipkorir: "Boda wangu, mama ameniambia kila kitu. Kanisa yote imefurahi. Lakini nataka ujue, hata kama hungeomba ningekupenda vile vile. Si nilikuahidi?"

Nasike aliusoma akasimama kama aliyemwagiwa maji. Kanisa lote! Ule wakati wa wodini ulikuwa wa watu wawili, sasa umekuwa tangazo. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza angeolewa, na baraka zote, na kuku. Lakini angekaa kwenye meza ile maisha yake yote akiwa ni mtu mwingine. Mteja alikuwa anakohoa. Akaandika neno moja, akatuma:

"Sikuamini."

Alimaanisha, nilipoomba sikuamini. Alikuwa anamrudishia Kipkorir ukweli kama Kipkorir alivyomrudishia roho siku ile ya steji, akangoja jibu.

Kipkorir alilisoma lile neno kando ya kitanda cha mama yake. Alikuwa ametoka kusema ningekupenda vile vile, si nilikuahidi? Na jibu ni hilo. Sikuamini. Wewe, Kipkorir, mimi sikuamini. Baada ya yote. Baada ya kusimama kati yake na mama, na mchungaji, na kanisa. Akazima simu, akaiweka mfukoni, akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Nasike alipoona kimya, akakielewa kwa namna yake: basi alikuwa anangoja niokoke. Ahadi zote zile zilikuwa za mdomo. Hatimaye simu ikaita.

"Nasike."

Nasike, si Boda. Akajua mambo yameharibika. "Naam."

"Ile kitu uliandika. Ulimaanisha?"

"Nilimaanisha. Sitaki kukudanganya, Kip."

"Na haiwezi badilika?"

"Si kitu cha kubadilisha kama nguo. Nilijaribu. Haiko."

"Ulijaribu." Sauti yake ilikauka. "Wakati huo wote tuko pamoja ulikuwa unajaribu tu."

"Nilidhani wewe utaelewa. Wewe kati ya watu wote."

"Nimeelewa. Basi sawa."

"Basi sawa."

Watu wawili wanaopendana, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa swali ambalo halikuulizwa! Ukiwa karibu ungewapiga kofi wote wawili. Lakini hakuna aliyekuwa karibu, na kiburi cha mtu aliyeumia hakihitaji mashahidi.

Mahindi yakakua, yakatoa ndevu, yakakauka shambani. Kipkorir aliacha kucheza kinanda pale steji. Alisema bega linamuuma. Nasike alianza kupita njia ya nyuma, akalitundika koti jekundu nyuma ya mlango. Ruwayda alimvumilia kwa muda, kisha siku moja akiwa anafuta kioo akasema, "Wewe, mimi nasali mara tano na wewe husali hata moja, na tumekaa duka moja miaka. Huyo mwanaume hata hilo limemshinda?" Nasike akasema halijamshinda, limemchosha. Akaenda nyuma ya pazia kusafisha miwani iliyokuwa safi.

Mama Priscah naye alikuwa amepona, anatembea, anasahihisha. Jambo moja lilimsumbua.

"Kipkorir, binti yangu yuko wapi? Tangu nitoke hospitali hajafika hapa."

"Tuliachana, Mama."

"Mliachana! Msichana ameokoka ndiyo unamwacha?"

"Ni yeye. Haniamini."

"Nani amekuambia?"

"Aliandika mwenyewe." Akampa simu, kwa maana alichoka kuubeba huo uchungu peke yake.

Mama Priscah akavaa miwani, ile ya kahawia. Akasoma ujumbe wa mwanawe. Akaguna kwa sababu ya "kanisa yote". Akasoma jibu. Akalisoma tena, kisha akarudi juu, akashuka tena, kidole kikifuata kama kwenye daftari la mtoto.

"Kipkorir. Neno hili lina maana gani?"

"Si ni hiyo tu? Haniamini. Mimi."

"Na lingekuwa ni la wakati uliopita lingeandikwaje?"

"Vipi?"

"Leo sikula. Jana sikulala. Siku ile sikuamini." Sauti ya mama ilikuwa imeshuka. "Hii 'ku' inaweza kuwa wewe. Na inaweza kuwa jana."

Kipkorir alitazama simu. "Ati..."

"Miaka yote niliyokufundisha," mama akaanza, akaishia hapo. Maana yeye mwenyewe alikuwa amelisikia neno hilo mpaka mwisho wake, na lilikuwa limemfikia. Kama 'ku' ni Kipkorir, basi msichana aliokoka, na muujiza upo. Kama 'ku' ni siku ile, basi hapakuwa na muujiza. Ushuhuda aliousimulia kanisani alipopona, akilia, akishangiliwa, ulikuwa hewa.

Akatoka nje, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawatazama ng'ombe. Angeweza kumwambia kijana, labda nimekosea. Kijana angekubali, sarufi haikuwa yake kamwe. Alikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa ghala. Kisha akaingia ndani, akafunga kitambaa, akachukua mkoba.

"Nipeleke mjini."

Duka la miwani lilikuwa limejaa harufu ya udi wa Ruwayda. Mama Priscah alimwacha mwanawe nje, akaingia peke yake, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa wa macho. Nasike alipomwona alishika kaunta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasike, nataka unijibu kama ulivyonijibu mezani. Siku ile ulipopiga magoti. Uliamini?"

Nasike alimtazama yule mama aliyepungua mwili. Alijua jibu lingemvunja. "Hapana, Mama. Sikuamini."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi kwa nini uliomba?"

"Kwa sababu uliniambia. Na ulikuwa unaogopa."

"Na wakati ule wote unasema ee Baba, ee Baba, ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na wewe, Mama," Nasike akasema, na machozi yakamjaa. "Nilikuwa nazungumza na wewe. Nisamehe."

Mama Priscah akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alipoongea hakuwa mwalimu.

"Watu wengi wameniombea maishani, mama. Wengine walikuwa wanaangalia juu, wengine walikuwa wanaangalia saa. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi." Akavuta pumzi. "Mimi naamini Mungu alikuwa pale. Hapo hutanitoa."

"Sitaki kukutoa, Mama."

"Na wewe unasema tulikuwa wawili."

"Ndiyo."

"Basi tusahihishane mpaka tufe. Jumapili nitasimama niliambie kanisa nilikosea. Na ile baraka niliyokunyima langoni, ichukue leo." Akageuka mlangoni, akainua sauti ile ya zamani. "Kipkorir! Ingia uombe msamaha. Na uuombe kwa Kiswahili sanifu!"

Kipkorir aliingia akajikwaa kizingitini. Alikuwa amevaa ile tai ya baba yake.

"Boda, mimi nilifikiri unaniambia huniamini mimi."

Nasike alimkodolea macho. "Wewe? Kwani nilisema wewe?"

"Ulisema sikuamini!"

"Si ni siku ile!"

"Sasa ningejuaje?"

"Ungeuliza, Bwana Kinanda! Miezi yote hii nalia ati nimeachwa juu ya Mungu, kumbe ni juu ya..." Akashindwa kumaliza, kicheko na kilio vilikuja pamoja.

Ruwayda akasema kwa kuwa wateja wamekimbia, duka limefungwa.

Walitoka wote, Nasike amelivaa koti jekundu, alilokuwa amelileta dukani siku hiyo bila kujua kwa nini. Pale steji Mchungaji Jacktone alikuwa juu ya kreti lake. Makanga, moshi wa mahindi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kipkorir akasimama katikati ya zile kelele, akamshika mkono.

"Nasike. Mimi nitaomba, wewe hutaomba, na tutakula ugali mmoja. Niamini. Kama unakubali nikuoe, inua mkono."

Nasike akauinua, juu kabisa.

Bodaboda tatu zikaja mbio. Na kule juu kipaza sauti kikalia: "Haleluya! Namwona dada wa koti nyekundu!"

"Jekundu!" Mama Priscah akapaza sauti, akauvuka mtaro kwa fimbo yake. "Koti jekundu, Mchungaji! Na huyo si wako. Huyo ni wangu!"

Tangu siku ile, mezani kule Kimumu, mgeni hakuombwa tena kuomba. Mama Priscah alifumba macho, Kipkorir akafumba, na Nasike aliyaacha yake wazi, akiwatazama, mikono yao yote ikiwa imeshikana. Kisha mama alikuwa akimgeukia, "Na wewe?" naye akasema asante kwa aliyepika. Mji ukawa jiji. Kreti likaondolewa, steji ikahamishwa, na Mchungaji Jacktone akapata kanisa la mabati kule Yamumbi.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, ule uvimbe ulirudi, na safari hii madaktari hawakutaja upasuaji. Alasiri moja walikuwa kando ya kitanda cha Mama Priscah, Kipkorir upande mmoja amefumba macho, midomo ikienda bila sauti. Mama alimpapasa kichwa mwanawe, akamwacha aendelee. Kisha akageuza uso upande wa pili. Hakusema niombee.

"Nasike," akasema. "Zungumza nami."

Nasike akapiga magoti, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, macho wazi, uso kwa uso.

"Wale ng'ombe wamekunywa maji, Mama," akamwambia.

Na Mama Priscah akatabasamu.